Ukisikia Kinu cha Nyuklia Kinanunuliwa, Ulizia Ni Karatasi Gani

Jioni hapa Makobola, kabla mitumbwi ya wavuvi wa ndagala haijaingia Ziwa Tanganyika na taa zake, watu hukaa kando ya barabara ya Uvira wakisikiliza redio. Redio inasema nchi jirani imesaini kununua kinu cha nyuklia. Mmoja anasema, basi umeme umefika. Mwingine anasema, bomu ndilo limefika. Mzee mmoja asiye na haraka anauliza: wamesaini nini?

Swali la mzee ndilo la maana. Mwongozo huu ni wako wewe utakayegeukiwa ili ulijibu: mwalimu, katibu wa chifu, mama anayeongoza klabu ya redio, kijana wa shirika la raia ambaye simu yake hupata intaneti akipanda kilimani.

Niondoe hofu kwanza. Hakuna mpango uliotangazwa wa kujenga kinu Makobola, Baraka wala kwingine katika Fizi, hapa kwetu Kongo. Ila habari zenyewe haziko mbali. Septemba 2023 Rwanda ilisaini na kampuni ya Dual Fluid, yenye mizizi Ujerumani na Kanada, ili kujenga kinu cha majaribio. Uganda imeichagua Buyende, karibu na Ziwa Kyoga. Kenya ilianza na Uyombo huko Kilifi. Wananchi wakaandamana, polisi wakawatawanya kwa nguvu mwaka 2024, kisha serikali ikageuza macho kuelekea Siaya. Misri imeshapita hatua ya maneno: El Dabaa vinajengwa vinu vinne vya Kirusi vya jumla ya megawati 4,800, na zege la kwanza lilimwagwa Julai 2022. Kwa hiyo maswali yatakujia, na ni vizuri uwe na la kusema.

Chukua mfano wa pikipiki. Anayekuuzia kutoka ng'ambo anakupa karatasi: namba ya injini ni hii, ni mali halali, haikuibiwa, imetoka nchini kwa ruhusa. Karatasi hiyo ni ya kweli. Lakini haikuambii kama breki zitashika kwenye utelezi wa Mboko mvua ya Aprili ikinyesha. Haimjui dereva wako. Haijui kama una bima, wala kama fundi wa Baraka ana vipuri vyake. Leseni ambayo serikali ya muuzaji hutoa ili kinu kitoke nchini mwake ni karatasi ya namna hiyo. Wengi huisoma kama cheti cha usalama, wakiwemo waandishi wa habari waliosoma sana. Hiyo siyo kazi yake.

Wamefika kwa mshenga au wameshatoa mahari?

Neno "wamesaini" linafunika mambo mengi. La chini kabisa ni hati ya maelewano. Hapo ametumwa mshenga tu; hakuna mahari iliyotolewa, na kila upande unaweza kuondoka bila kudaiwa. Habari nyingi za nyuklia tunazozisikia Afrika Mashariki ni za ngazi hii, ingawa hutangazwa kwa ngoma kama harusi.

Juu yake kuna mkataba wa serikali kwa serikali. Marekani huuita mkataba wa 123, kwa namba ya kifungu cha sheria yao ya nishati ya atomiki ya mwaka 1954. Bila mkataba huo, kinu kizima au fueli yake haviwezi kutoka Marekani kwenda popote. Tena mkataba ukishasainiwa haufanyi kazi palepale. Lazima ulale mezani kwa Bunge lao kwa siku 90 za vikao. Hiki ni kipimo rahisi ambacho unaweza kukitumia leo: ukisikia kampuni ya Kimarekani itauza kinu kwa nchi fulani, uliza kama nchi hiyo ina mkataba wa 123. Kama haina, waambie wenzako bado tuko kwa mshenga.

Kisha unakuja mkataba wa biashara kati ya kampuni na shirika la umeme la mnunuzi. Humo ndimo mna bei, riba na tarehe. Misri, kwa mfano, inajenga El Dabaa kwa mkopo wa Urusi wa dola bilioni 25. Mkataba wa namna hii mara nyingi hufichwa kwa jina la siri ya biashara, na hapo usikubali haraka: wanaofichwa bei ndio watakaolipa deni.

Ngazi ya nne ndiyo leseni yenyewe ya kuuza nje. Marekani huitoa kupitia tume yao ya kudhibiti nyuklia, NRC. Michoro na ujuzi havimo humo. Hivyo viwili huombewa ruhusa nyingine Wizara ya Nishati. Kampuni ikiomba leseni ya kinu, NRC huliweka ombi hadharani, na tangu siku ya tangazo watu hupewa siku 30 za kuandika maoni au kuomba kusikilizwa. Wizara ya Mambo ya Nje nayo huulizwa kama biashara hii inaiumiza Marekani. Serikali ya mnunuzi lazima iahidi kwa maandishi kwamba wakaguzi wa IAEA, lile shirika la atomiki la kimataifa lenye makao Vienna, wataruhusiwa kuingia. Iahidi pia kwamba hakuna chochote kitakachogeuzwa bomu, kwamba mali italindwa dhidi ya wezi, na kwamba haitapewa nchi nyingine wala fueli iliyotumika kuchakatwa upya bila Marekani kukubali.

Wauzaji wengine, Urusi, China, Ufaransa, Korea Kusini, wana ofisi zao na taratibu zao, na si wote wanaoweka makaratasi hadharani namna hiyo. Kinachowaunganisha ni kundi la nchi zinazouza vifaa vya nyuklia, lililoundwa baada ya India kulipua kifaa chake Mei 1974 kwa kutumia kinu kilichotoka Kanada kwa ajili ya amani. Kongo imo ndani ya Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia tangu 1970, kwa hiyo kwa upande huo mlango haujafungwa.

Soma tena zile ahadi. Bomu, wezi, ruhusa ya kuhamisha. Tetemeko la ardhi limo? Wavuvi wamo?

Kisa cha Bataan, ambacho kila mtu wa klabu ya redio angepaswa kukijua

Mwaka 1976 Ufilipino ilianza kujenga kinu cha megawati 621 huko Morong, kwenye rasi ya Bataan. Muuzaji alikuwa Westinghouse wa Marekani, mnunuzi shirika la umeme la taifa, na rais alikuwa Ferdinand Marcos. Mahali penyewe ni jirani na Natib, mlima wa volkano, katika nchi ambayo ardhi hutetemeka kama kwetu.

Mashirika ya Marekani pamoja na ya Wafilipino yalikwenda NRC na ombi jepesi kulielewa: kabla hamjatoa leseni ya kukisafirisha kinu hiki, tazameni kwanza volkano, matetemeko, na watu wanaokaa pale. NRC ilijibu mwaka 1980. Ilisema sheria haiipi kazi ya kupima afya na usalama wa watu walio ndani ya nchi nyingine. Hiyo ni kazi ya serikali yao wenyewe. Leseni ikatolewa. Waliopinga wakaenda mahakamani Washington, na mwaka 1981 mahakama ya rufaa ikaiacha leseni isimame.

Kinu kikajengwa mpaka kikaisha, kwa zaidi ya dola bilioni 2. Februari 1986 Marcos akaanguka, Aprili kinu cha Chernobyl kikalipuka, na serikali mpya ya Corazon Aquino ikakataa kutia fueli. Lakini deni lilibaki. Wafilipino walilimaliza mwaka 2007, na kinu hakijawahi kuwasha hata taa moja.

Sikusimulii haya ili uichukie NRC. Kwa maoni yangu ilisema ukweli ambao wauzaji wengi huumeza: karatasi yetu inatulinda sisi na dunia dhidi ya bomu, breki zenu zitazameni wenyewe. Kosa ni la anayeishika leseni ya muuzaji, akaipeperusha mbele ya wanakijiji na kusema, tazameni, wakubwa wameshapima.

Kwa hiyo karatasi unayoitafuta si ile ya Washington wala ya Moscow. Ni ya nyumbani: kibali cha mahali, leseni ya kujenga na leseni ya kuwasha, zikitolewa na mdhibiti wa nchi inayonunua. Kule El Dabaa mdhibiti wa Misri alitoa kibali cha kujenga mwishoni mwa Juni 2022, na zege likamwagwa wiki kadhaa baadaye. Kenya ina mdhibiti wake tangu sheria ya 2019, mbali na shirika linalotafuta kinu. Huo mgawanyo ni muhimu kuliko unavyodhani, kwa maana anayetafuta mke hawezi pia kuwa hakimu wa ndoa. Kwetu Kongo sheria ya mionzi ni ya Oktoba 2002, na mdhibiti ni kamati ya taifa ya kujikinga na mionzi, CNPRI, iliyoko Kinshasa. Jina hilo liandike mahali. Wengi hapa wanalijua shirika la umeme SNEL kwa sababu ya giza, na CNPRI hawajawahi kuisikia.

Kinu ambacho sisi wenyewe tulipewa

Wapo wanaodhani haya ni mambo mapya kwa Kongo. Sivyo. Juni 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru, kinu cha kwanza barani Afrika kiliwashwa kwenye Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, wakati huo Léopoldville. Kiliitwa TRICO. Kilikuwa kidogo, kilowati 50, cha utafiti wala si cha umeme, kimetengenezwa na kampuni ya General Atomics ya Marekani. Aliyekihangaikia ni mkuu wa chuo, Luc Gillon, padre wa Kibelgiji aliyesomea fizikia. Kilikuja kwa upepo wa ile hotuba ya Rais Eisenhower ya Desemba 1953 kuhusu atomu kwa ajili ya amani. Tena kilikuja kwenye nchi ambayo urani yake ya Shinkolobwe, Katanga, ilikuwa imeshatumika kwenye bomu la Hiroshima.

Sasa ulizia karatasi. Makubaliano ya atomiki yaliyokuwapo yalikuwa ya mwaka 1955, kati ya Marekani na Ubelgiji. Hapakuwa na Mkongo aliyesaini. Uhuru ulipokuja, mwenye nyumba akabadilika, na mwaka 1962 ikabidi makaratasi mapya yaandikwe kupitia IAEA ili utafiti uendelee. Ndipo kikaja TRICO II, cha megawati moja, kilichowashwa 1972 na kusimama 2004.

Katikati ya hapo kuna jambo la aibu. Fito mbili za fueli ziliibwa miaka ya 1970. Mmoja ulikamatwa Italia mwaka 1998, mikononi mwa wahalifu waliotaka kuuuza. Wa pili haujulikani uliko. Kwenye makaratasi ya kuuza nje kila ufito ulikuwa na namba na mahali pake. Karatasi ilijua fueli inapaswa kuwa wapi. Kufunga mlango ilikuwa kazi ya mtu mwenye funguo na mshahara unaofika kwa wakati. Ndiyo maana unapouliza kuhusu kinu cha jirani, usiishie kwenye leseni. Uliza mlinzi analipwa na nani.

Fueli ina leseni yake

Hili huwapita hata mawaziri. Kununua kinu si kununua fueli ya miaka yote. Mtu anaweza kuwa na jenereta mpya kabisa na lita sifuri za mazuti. Sisi tunalijua hilo kuliko wengi.

India ilinunua vinu viwili vya Kimarekani vya Tarapur, vikaanza kazi 1969. Mwaka 1978 Marekani ilipitisha sheria kali zaidi, ikiitaka India ifungue vituo vyake vyote kwa wakaguzi. India ikakataa. Mei 1980 NRC ikakataa kutoa leseni ya fueli. Rais Carter akaipindua, akaagiza fueli iende, na Baraza la Seneti likamwachia kwa kura 48 dhidi ya 46. Hebu fikiri: umeme wa mji wa mbali unategemea kura mbili za watu ambao hawajawahi kufika huko. Afrika Kusini nayo, iliyokuwa na kinu cha Kifaransa cha Koeberg na mkataba wa kurutubishiwa urani Marekani, ilinyimwa fueli kwa sheria hiyohiyo kwa sababu wakati ule haikuwa imekubali ukaguzi kamili. Ilibidi ihangaike kwingine ili kinu kianze 1984.

Basi ukisikia "tumenunua", uliza: fueli kutoka kwa nani, kwa miaka mingapi, na iliyotumika inarudi kwa muuzaji au inabaki? Jibu la "tutaona baadaye" maana yake inabaki.

Ziwa halina leseni

Suala la ukubwa wa kinu nalipitia haraka. Mafundi wa gridi hupenda mtambo mmoja usizidi sehemu ya kumi ya umeme wote wa nchi, maana ukizimika ghafla utaangusha na mingine. Kenya, iliyo mbele yetu sote, matumizi yake ya juu mwaka 2025 yalipita megawati 2,300. Mabwawa yetu ya Rusizi I na Rusizi II kwa pamoja hayafiki megawati 75, na yanagawanywa nchi tatu. Atakayekuambia kinu cha megawati 1,000 kitaletwa ukanda huu kesho, mpe maji ya kunywa apumzike.

Ardhi na maji ndivyo vinavyotuhusu zaidi. Tuko juu ya bonde la ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la kipimo cha 6.8 lilitokea ziwani upande wa Kalemie, na lilisikika mbali sana. Mwaka 2020 na miaka iliyofuata maji ya ziwa yalipanda yakaingia majumbani Uvira, Baraka na Bujumbura. Kinu kikubwa kinahitaji maji mengi ya kupoozea, kwa hiyo wapangaji wake hupenda kingo za maziwa na bahari. Tanganyika ina kina cha karibu mita 1,470 na nchi nne: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Mwaka 2003 nchi hizo nne zilisaini Dar es Salaam mkataba wa kulitunza ziwa. Leseni ya muuzaji humtaja mnunuzi mmoja. Ndagala hawajui mpaka. Siku ambayo mmoja wa wanne atataka kuweka kitu cha namna hii kando ya maji, mkataba huo ndio wa kushika mkononi, kabla ya kufungua habari za atomu.

Nitasema jambo moja lililo karibu na moyo, kisha tuingie kwenye barua unayoweza kuiandika. Makobola ikitajwa nje ya Kivu hutajwa kwa sababu ya mauaji ya mwisho wa mwaka 1998. Yameandikwa kwenye ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa 2010. Ripoti ile ina maana kwetu, lakini ilifika zaidi ya miaka kumi baada ya makaburi. Mtu wa hapa anajua tofauti ya karatasi inayotangulia na karatasi inayofuata.

Barua, basi. Iandike kwa Kifaransa, ukurasa mmoja, ipelekwe CNPRI Kinshasa, na nakala kwa wabunge waliochaguliwa Fizi, wa taifa na wa jimbo. Usiandike kupinga wala kuunga mkono. Anayepinga kabla hajauliza hufungiwa mlango, na anayeunga mkono hutumika kama muhuri. Uliza tu. Je, Kongo imepewa taarifa rasmi ya mpango wowote wa kinu katika nchi jirani, na lini? Hati iliyopo ni maelewano, mkataba wa serikali, au leseni, na nani ameitoa? Nani amepima matetemeko na maji, na ripoti inasomwa wapi? Ikitokea ajali, nani atatujulisha, kwa redio ipi na kwa lugha ipi? Fidia italipwa na mwenye kinu, na serikali, au na kampuni iliyouza?

Waombe watu watano au sita wa makabila tofauti wasaini, ili isisemwe ni barua ya ukoo mmoja. Toa nakala mbili zaidi. Atakayeipeleka asirudi bila muhuri wa kupokelewa wenye tarehe kwenye nakala moja, hata wakimwambia aje kesho. Nakala hiyo ikae Makobola, mahali panapojulikana na zaidi ya mtu mmoja, isipelekwe kuhifadhiwa Uvira wala Bukavu.